Bodi Mpya au Lenzi ya Zumu? Mwongozo Kamili wa Kuamua Kabla ya Kutoa Pesa

Mwezi haupiti bila mtu kunisimamisha njiani na kamera mkononi. Wa mwisho alikuwa kijana wa Langoni, hapa Lamu, kauza simu yake na kukopa juu, kanunua bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi. "Dada," akaniambia, "kamera mpya, picha ni zile zile."

Nikaitazama. Bodi inang'aa, na mbele yake imekaa ile ile lenzi ya 18-55 (ndio urefu wake kwa milimita; namba ikiwa kubwa, inavuta mbali zaidi) iliyokuja na kamera yake ya kwanza, kioo kina alama ya kidole gumba. Nikamwuliza tatizo lake lilikuwa nini hasa. Akasema mashua za mashindano zinatoka ndogo.

Kuna na wa upande wa pili, ambao mimi nawaona zaidi kwa sababu hupiga picha za harusi upande wa wanawake. Hao hununua lenzi ndefu ya bei nafuu, 70-300, wakaingia nayo ukumbini saa tatu usiku, wakatoka na vivuli. Lenzi haina kosa, imepelekwa kazi isiyo yake.

Nimeandika hatua hizi ili nisirudie maelezo yale yale kila gati. Zifuate kwa mpangilio. Ukiruka ya kwanza, zinazofuata zitakudanganya.

## Vitu vya kuandaa

- Kamera yako na lenzi zote ulizo nazo, hata ile unayoidharau.
- Picha 200 za mwisho ulizopiga kazini, nzuri na mbovu. Kama una tabia ya kufuta mbovu papo hapo, iache kwa wiki mbili kisha urudi hapa.
- Kompyuta, au simu inayoonyesha maelezo ya picha.
- Daftari na kalamu.
- Tochi ya simu na chumba chenye giza.
- Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, na kitambaa safi cha kufutia miwani.
- Stendi. Ukikosa, mfuko wa mchele wa kilo mbili juu ya meza unashika kamera vizuri tu.
- Jioni mbili zisizo na kazi.

Pesa hazimo kwenye orodha. Ziache zilipo mpaka hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Safisha ulicho nacho

Hewa ya Lamu ina chumvi na unyevu, na ukivuka kutoka Mokowe au ukienda Shela kwa boti, marasharasha ya maji ya bahari hukaa juu ya kioo hata kama hukuyaona. Yakikauka huacha utando mwembamba. Picha hupauka, taa za usiku huota ukungu pembeni, na mwenye kamera husema lenzi imechoka.

Pulizia kwanza kwa pampu, lenzi ikitazama chini. Kisha pumulia kioo polepole, ufute kwa kitambaa kuanzia katikati kwenda nje. Mpangilio huu una maana: chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa, umekipiga kioo msasa. Upindo wa kanga na fulana usivitumie kabisa.

Kama umefunga filta ya bei rahisi mbele ya lenzi, ivue na upige picha ile ile mara mbili, nayo na bila yake, ukielekea taa. Wengi huishia hapa na kugundua kuwa adui alikuwa filta.

Sasa angalia ndani. Zima taa za chumba, vua lenzi, fungua tundu lake (uwazi wa ndani unaopitisha mwanga), washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo si neno. Unachotafuta ni nyuzi nyeupe zinazotambaa kama utando wa buibui, au doa lenye mizizi. Hiyo ni kuvu. Inapenda hapa kwetu kuliko sisi wenyewe, na ikikaa muda mrefu hula ngozi ya kioo isisafishike tena.

Mwisho, weka tundu kwenye f/16, elekeza kamera ukuta mweupe wa chokaa na upige bila fokasi kukaza. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali pale pale katika kila picha ni vumbi juu ya kihisi, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Jaribu menyu ya kujisafisha ya kamera. Ikishindikana, mpelekee fundi anayejua. Pamba ya masikio usiitie humo ndani.

Umefaulu ikiwa: picha ya taa ya usiku haina ukungu kuzunguka taa, na ukuta mweupe unatoka mtupu. Rudi kazini wiki moja kabla ya kuendelea. Baadhi yenu hamtahitaji hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Kusanya picha mbovu

Kati ya zile 200, toa zote zilizokukera. Usichague za kumwonyesha mtu, chagua zile ambazo mteja aliuliza, "Hii vipi?" Zikifika 40 zinatosha.

Watu huona aibu hapa na kutoa tano tu. Picha nzuri hazikwambii cha kununua. Zimetoka nzuri kwa vifaa ulivyo navyo.

## Hatua ya 3: Soma maelezo ya kila picha

Kila faili imebeba maelezo ya namna ilivyopigwa. Kwenye kompyuta, fungua sifa za faili. Kwenye simu nyingi, fungua picha na uisukume juu. Andika daftarini vitu vinne:

1. Urefu wa lenzi kwa milimita.
2. Tundu, yaani namba yenye f.
3. Kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi.
4. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga.

Kumbuka tu kuwa namba ya f huenda kinyume: f/2.8 ni tundu kubwa, f/5.6 ni dogo. Ongeza safu ya tano, "nilikata?", uweke alama kama baadaye ulilazimika kukata picha ili mtu au chombo kionekane.

Ni kazi ya kuchosha. Mimi huifanya baada ya isha na kikombe cha kahawa tungu. Saa moja na nusu inatosha.

Umefaulu ikiwa: kabla hujamaliza ukurasa umeanza kuona namba moja ikijirudia. Kwa kijana wa Langoni ilikuwa 55. Karibu kila mstari, 55 na alama ya kukata.

## Hatua ya 4: Ipe kila picha ugonjwa wake

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, kwa hivyo kaa napo. Gawa picha zako katika mafungu haya.

Fungu A: kila kitu kimetikisika. Hata ukuta una sura mbili. Huu ni mkono. Kanuni ya zamani bado inafaa: kasi ya shata isipungue sekunde moja ikigawanywa kwa urefu wa lenzi, na kwa kamera zenye kihisi kidogo zidisha kwanza urefu huo kwa 1.5. Kwa 55, usishuke chini ya 1/80. Kwa 300, anza na 1/500. Lenzi yenye kituliza mtikisiko inakupa nafuu, lakini fungu hili halinunuliwi dawa. Pandisha kasi.

Fungu B: ukuta umetulia, mtu amekuwa moshi. Kamera ilitulia, aliyepigwa alisogea. Wachezaji wa kirumbizi, fimbo zikiwa hewani, wanataka 1/500. Bibi harusi anayetembea taratibu anataka 1/200 hivi. Tazama ISO uliyotumia. Kama ilikuwa 800 na kamera yako inafika 6400, ulikuwa na nafasi hukuitumia. Kama f ilikuwa imefunguka mpaka mwisho na ISO imefika pale unapoanza kuuchukia uso wa mtu, basi umekosa mwanga, na mwanga huingilia kwenye lenzi.

Fungu C: kiko mbali. Lenzi imevutwa mpaka mwisho na bado umekata. Hii ni hesabu, nitaifanya hapa chini.

Fungu D: chenga. Picha imekaza lakini ngozi imejaa mchanga wa rangi. Jiulize kwanza kama uliipiga giza kisha ukaipandisha mwanga kwenye kompyuta. Kufanya hivyo huzalisha chenga kuliko kupandisha ISO pale pale. Kama hukufanya hivyo, D inaungana na B: unataka tundu kubwa zaidi, au kihisi kikubwa zaidi.

Fungu E: fokasi imeshika pasipo. Nguzo ya nyuma iko wazi kama kioo, jicho la bibi harusi ni uji. Kama uliiachia kamera ichague yenyewe, jifunze kuchagua nukta wewe. Kama ulichagua nukta sawasawa na bado inapotea mtu akitembea kukujia, hilo ni la bodi. Bodi mpya zinazofuata jicho la mtu zimebadilisha kazi hii kweli kweli, sitakuficha.

Fungu F: kamera imegoma. Ulibonyeza, ikawa inaandika kwenye kadi, mashua ikapita. Au ina nafasi ya kadi moja tu na unapiga harusi ambayo hairudiwi. Au shata imeanza kukwama. Bodi, bila mjadala.

Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza nilikuwa na picha 52. A na B peke yake zilikula 31. Nilikuwa nimeshaweka akiba ya bodi.

### Hesabu ya mashua

Chukua mashua ya mita 8 iliyo mita 300 kutoka ulipokaa ukingoni. Una kamera ya kihisi kidogo, APS-C, ya megapikseli 24. Kwa lenzi ya milimita 55, fremu yako inabeba upana wa karibu mita 128 za bahari. Mashua inapata pikseli kama 375 kati ya 6,000. Ukiikata, unabaki na kijipicha cha kutuma kwa simu.

Sasa nunua bodi ya bei kubwa, kihisi cha fremu kamili, megapikseli 45, uiwekee lenzi ya urefu ule ule. Kihisi ni kipana, kwa hivyo kinabeba bahari zaidi, karibu mita 196. Mashua yako inapata pikseli kama 335. Umelipa pesa nyingi, mashua imepungua.

Rudi kwenye kamera ya zamani, weka lenzi ya 300. Fremu inabeba mita 23 na nusu. Mashua inapata zaidi ya pikseli 2,000, theluthi ya picha nzima, na unaona mkono wa nahodha kwenye usukani.

### Hesabu ya ukumbi

Upande wa wanawake hakuna anayetaka flashi ikimpiga bibi harusi machoni usiku kucha. Tuseme unapiga kwa 1/125, f/5.6, ISO 6400. Lenzi yenye f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6, kwa hivyo kasi ile ile utaipata kwa ISO 1600. Tofauti hiyo utaiona hata kwenye skrini ya simu.

Kuhama kutoka kihisi cha APS-C kwenda fremu kamili kunakupa eneo la kihisi kama mara 2.4. Ni faida, ila ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya lenzi, na kwa kawaida utalazimika kununua lenzi nyingine pia.

Tahadhari: f/2.8 ina fokasi nyembamba. Ukipanga mashangazi safu tatu na kupiga kwa f/2.8 ukiwa karibu, safu ya nyuma itakuwa ukungu, na hao ndio watakaokumbuka. Kwa picha za kundi rudi f/5.6 na uombe taa ziwashwe.

Tahadhari ya pili, na ndiyo inayowaangusha wengi: "zumu" si kitu kimoja. 70-300 ya bei nafuu, ikivutwa mpaka mwisho, inabaki na f/5.6 au hata f/6.3. Hiyo ni lenzi ya mchana. Zumu ya 70-200 yenye f/2.8 inafika usiku, ila ina uzito wa kilo moja hadi moja na nusu na bei yake si ya mchezo. Zumu fupi ya 17-50 au 24-70 yenye f/2.8 haikuvutii chochote cha mbali, lakini ndiyo inayolisha mpiga picha za harusi. C inataka urefu. B na D zinataka tundu. Mtu asikuuzie moja kwa jina la nyingine.

### Na yasiyo ya bodi wala lenzi

Ukingo wa mji wa Lamu unaelekea mashariki, upande wa kisiwa cha Manda. Asubuhi jua liko machoni pako na mashua zote ni vivuli. Alasiri jua liko mgongoni na tanga zinawaka. Ukitumia 300 saa saba mchana juu ya maji au mchanga wa Shela, mvuke wa joto unaichezesha picha na hakuna kifaa kitakachoutoa. Nenda saa kumi.

Vichochoro navyo vina shida yake: chini giza, juu mbingu nyeupe. Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera, linda mbingu, pandisha kivuli baadaye. Bodi mpya inavumilia hilo kuliko ya zamani, lakini lenzi ya 300 humo haikusaidii kitu. Pale punda akipita mnabanana ukutani, utapata sikio lake.

Umefaulu hatua hii ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Tatizo langu kubwa ni fungu fulani." Mimi hutumia kipimo cha nusu: fungu moja lisilo A, au B na D pamoja, likifika nusu ya picha mbovu, hilo ndilo la kununulia. Hakuna lililofika nusu? Kanunue mafunzo au usinunue kitu.

## Hatua ya 5: Jaribu bila kununua

Azima. Wapiga picha wa mji huu tunajuana, na lenzi ya mtu ukiiomba kwa adabu kwa jioni moja utapewa. Mombasa na Nairobi zipo za kukodi kwa siku.

Fanya majaribio mawili, yote mahali pamoja, ndani ya dakika kumi ili mwanga usibadilike. Mkunguni, mbele ya Ngome, baada ya magharibi ni pazuri kwa mwanga hafifu.

1. Bodi yako na lenzi ya kuazima.
2. Bodi ya kuazima na lenzi yako.

Kwa jaribio la pili hakikisha lenzi yako inakaa kwenye bodi hiyo. Ikikataa kukaa, isilazimishe. Piga kitu kile kile, kutoka pale pale, kwa stendi au mfuko wa mchele. Ulinganisho utaufanya nyumbani, kwenye skrini kubwa.

Ongeza jaribio la tatu ukiweza: lenzi ya 50 yenye f/1.8, isiyovuta. Ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, na inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Kwa wenye fungu B na D ambao mfuko hauwaruhusu, mara nyingi hilo ndilo jibu, nao walikuja wakiuliza jambo jingine.

Neno moja kuhusu kuazima lenzi ndefu. Inamtia mtu tamaa ya kuvuta wazee barazani na akina mama njiani kutoka mbali. Usifanye. Omba ruhusa kama ambavyo ungeomba ukiwa na lenzi fupi. Mji ni mdogo, na jina likiharibika halina fundi.

Umefaulu ikiwa: picha za jaribio moja zinaondoa ugonjwa wako na za jingine haziondoi. Zikilingana, hukuhitaji chochote kati ya hivyo viwili.

## Hatua ya 6: Hakikisha inakaa kwenye kamera yako

Kila kampuni ina mdomo wake, pale lenzi inapojifunga kwenye bodi, na kampuni moja huwa na midomo zaidi ya mmoja.

Canon: lenzi za EF zinakaa kwenye bodi zote za EOS za kioo (zile zenye kioo cha kuakisi ndani, DSLR), za kihisi kikubwa na kidogo. Za EF-S zinakaa kwenye bodi za kihisi kidogo tu. Bodi zisizo na kioo za mfumo wa RF, ulioanza mwaka 2018, zinapokea EF na EF-S kwa adapta, na fokasi inafanya kazi. Kinyume chake hakiwezekani: RF haikai kwenye bodi ya zamani.

Nikon: bodi za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani. Ukinunua lenzi ya AF-D ya zamani kwa sababu ni rahisi, utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta zenye herufi AF-S. Mfumo wa Z nao ulianza 2018; adapta yake ya FTZ inaendesha fokasi ya AF-S, ya AF-D haiendeshi.

Sony: mdomo wa E ni mmoja kwa kihisi kidogo na kikubwa, ila lenzi ya kihisi kidogo kwenye bodi kubwa itakufanya utumie sehemu tu ya kihisi.

Kwa nini haya yapo kwenye mwongozo wa kuamua? Kwa sababu kama una mpango wa kuhama mfumo ndani ya miaka miwili, lenzi unayonunua leo iwe ile inayoweza kuhama nawe. Bodi hupitwa upesi na bei yake hushuka. Lenzi nzuri, ikitunzwa, hutumika na bodi tatu.

## Hatua ya 7: Piga hesabu ya bei nzima

Andika bei ya kitu, kisha andika chini yake kila kinachokifuata.

Bodi mpya huja na wafuasi: betri ya pili, kadi zenye kasi, pengine lenzi mpya. Mafaili ya RAW ya megapikseli 45 ni makubwa karibu mara mbili ya yale ya 24, kwa hivyo diski inajaa na kompyuta ya zamani inaanza kupumua kama chombo kilichoelemewa.

Zumu ina wafuasi wachache: kofia yake ya kuzuia jua, mkoba mkubwa, na kwa zile nzito, stendi ya mguu mmoja.

Kisha gawanya jumla kwa kazi. Kama zumu itatumika mashindano ya mashua mara chache kwa mwaka, na siku za Maulidi katika Mfunguo Sita, na Tamasha la Utamaduni mwezi Novemba, basi hesabu siku hizo na ulinganishe na bei ya kukodi. Mara nyingi kukodi kunashinda, na watu hawapendi kusikia hivyo kwa sababu kitu cha kukodi hakining'inizwi shingoni.

## Hatua ya 8: Ukinunua cha mkono wa pili, kikague hivi

Niliwahi kununua zumu mji mwingine, dukani chini ya taa nyeupe, muuzaji ananiambia imesafishwa juzi. Niliilipa, nikapanda basi. Usiku nyumbani nikawasha tochi ya simu: nyuzi za kuvu kwenye kioo cha pili kutoka nyuma, zimejikunja kama mizizi ya mkoko. Simu ya muuzaji haikupokelewa tena. Kwa hivyo:

Lenzi

1. Tochi, kwa mshazari, pande zote mbili. Duka likiwa na mwanga mkali, ingiza lenzi ndani ya mkoba na kichwa chako nayo. Wacha wakucheke.
2. Zungusha pete zote masikioni. Ukisikia mchanga, irudishe.
3. Piga f/16 na uangalie majani ya tundu kutoka mbele. Yanapaswa kuruka upesi na kuwa makavu, bila mafuta.
4. Vuta mpaka mwisho, fungua tundu lote, piga bango la maandishi lililo mbali. Kuza picha na usome pembe zote nne.
5. Washa na uzime kituliza mtikisiko. Picha ikirukaruka kwenye kitundu cha kuchungulia, kimekufa.
6. Angalia shaba za mdomo na skrubu. Skrubu zilizoliwa vichwa zinasema imefunguliwa.

Bodi

1. Uliza hesabu ya shata, na uione kwa macho. Bodi nyingi hukadiriwa kati ya mara 100,000 na 200,000.
2. Fanya jaribio la ukuta mweupe kwa f/16.
3. Funika mdomo, piga sekunde kumi. Nukta za rangi zikiwa nyingi, kihisi kimezeeka.
4. Ingiza na utoe kadi mara tatu. Chungulia vipini visiwe vimepinda.
5. Tafuta kutu kwenye skrubu za chini na chumba cha betri. Kutu hapo maana yake ni bahari, na bahari ikiingia haitoki.

Lipa baada ya kukagua. Ukiambiwa "lipa kwanza nitakutumia na basi," mwache apate mteja mwingine.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza nyumbani

Nunua boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa na utie vifuko vya silika. Mchele usiutumie, vumbi lake linaingia kwenye pete. Vifuko vikilowa vikaushe juani au kwenye jiko la moto mdogo. Mkoba wa ngozi ndani ya kabati ndio nyumba ya kuvu.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa kabla ya kuifungua nje. La sivyo kioo kitatoa jasho, na jasho la ndani halifutiki.

Usibadilishe lenzi ndani ya mashua wala ufukweni Kusi ikivuma. Chagua lenzi ukiwa bado barazani. Ikibidi kabisa, kaa na mgongo kwenye upepo, bodi ikitazama chini, ndani ya mkoba.

Baada ya wiki sita rudia hatua ya 2 hadi ya 4 kwa picha mpya. Lile fungu lililokununulisha linapaswa kupungua angalau kwa nusu. Lisipopungua, kiuze kitu hicho kingali kipya.

Kijana wa Langoni alifanya zoezi lote kwa bodi yake mpya, jioni mbili, mezani kwangu. Fungu C lilikuwa 27 kati ya 41. Bodi aliirudisha kwa hasara kidogo, akarudi kwenye ile ya zamani, akachukua 70-300 iliyokaguliwa kwa tochi. Lenzi ya 50 huja kuiazima kwangu kila akiwa na harusi upande wa wanaume, na aliyoichukua wiki jana bado hajairudisha.